Boma Linaloelea: Kikosi cha 892 na Asubuhi ya 25 Januari 1964

Mjini Tarime ipo kata iitwayo Bomani, na jina hilo halikutokea bure. Boma, katika asili yake, ni ua wa magogo au wa miiba, wa kuzuia mifugo isitoke na adui asiingie. Walipokuja watawala wa kigeni neno hilo lilipata maana ya pili: ngome ya serikali, yaani mahali penye bendera, mahakama, daftari la kodi na bunduki za askari. Wajerumani walikuwa na boma lao Shirati, kando ya Ziwa Viktoria. Waingereza waliowafuata wakaiendesha wilaya ya North Mara kutoka Tarime. Boma la namna hiyo lilikuwa na tabia moja isiyobadilika, nayo ni kukaa mahali pake. Aliyetaka kulikwepa aliweza kuhama, na aliyetaka kulishambulia aliijua njia ya kulifikia.

Karne ya 20 ilileta boma la namna nyingine. Hilo ni manowari ya kubeba ndege: kisiwa cha chuma chenye uwanja wa ndege juu yake, ghala za mafuta na mabomu chini yake, na watu zaidi ya elfu moja ndani yake. Halihitaji ruhusa ya mwenye nchi ili likae karibu na mlango wake, kwa kuwa bahari kuu haina mwenyewe. Nguvu zake haziko katika mizinga, bali katika vikosi vya ndege vinavyokaa humo kama nyuki ndani ya mzinga. Kimoja cha vikosi hivyo, Kikosi cha 892 cha wanamaji wa Uingereza, kilifika katika pwani ya Tanganyika mwezi wa Januari 1964, kikaondoka baada ya siku chache bila kudondosha hata bomu moja. Hata hivyo, asubuhi moja ya kukaa kwake angani ilishiriki kuvunja jeshi la taifa moja, na kutokana na kuvunjika huko likazaliwa jeshi jingine. Habari za kikosi hicho zastahili kusimuliwa kwa Kiswahili, maana sehemu yake moja ni habari za Waswahili wenyewe.

Pengine msomaji wa Tarime atauliza, bahari na ndege zake zinahusiana nini na watu wa nyanda za juu, wachungaji wa ng'ombe na wakulima wa wimbi? Jibu liko katika jeshi la Keya, yaani King's African Rifles. Waingereza waliwapenda Wakuria kuwa askari, na vijana wa Kikuria walijiandikisha kwa wingi, hasa tangu Vita vya Pili vya Dunia, hata idadi yao jeshini ikapita kiasi cha ukubwa wa kabila lao. Kwa nyumba nyingi za Tarime mshahara wa jeshi ulikuwa njia ya kununua ng'ombe, na ng'ombe ndiye mahari, na mahari ndiyo nyumba. Kwa hiyo jambo lililolipata jeshi la Tanganyika mwaka 1964 halikuwa jambo la Dar es Salaam peke yake. Liliwafikia pia wazee waliokuwa wameketi mbele ya maboma yao, mbali na bahari.

Kabla ya kufika huko, yafaa kieleweke kikosi chenyewe na namna kifanyavyo kazi. Kikosi cha ndege cha wanamaji si mali ya manowari moja. Kina namba yake, mkuu wake, marubani na mafundi wake, na makao yake ya nchi kavu. Manowari ikitaka kusafiri, kikosi hupanda, na safari ikiisha hushuka. Waweza kuvunjwa leo na kuundwa upya baada ya miaka kumi kwa namba ileile, na ndege nyingine kabisa. Ndiyo sababu historia ya namba 892 yafanana na historia ya jina la ukoo: watu hupita, jina likabaki.

Kuruka kutoka katika manowari ni kazi isiyofanana na kuruka uwanjani. Manowari hugeuza omo yake ikaelekea upepo unakotoka, ikakaza mwendo, ili upepo wa asili na upepo wa mwendo viungane kuinyanyua ndege. Ndege hufungwa kwenye manati ya mvuke iliyozikwa ndani ya sitaha, nayo manati huirusha kwa sekunde chache tu mpaka ifikie mwendo wa kujibeba angani. Kurudi ni kugumu zaidi. Rubani hufuata mwanga wa taa zinazomwonyesha kama yuko juu mno au chini mno, naye huishusha ndege upande wa tezi huku kulabu ikining'inia nyuma yake. Kulabu ikinasa mojawapo ya nyaya nene zilizolazwa sitahani, ndege husimama. Isiponasa, rubani hana budi kukaza injini na kuruka tena, na ndiyo maana sehemu ya kutulia ndege katika manowari za siku hizo ilijengwa kwa upande, ili aliyekosa nyaya asiziparamie ndege zilizoegeshwa mbele. Usiku, bahari ikichafuka, kazi hiyo hufanywa mahali panapopanda na kushuka kama mgongo wa punda.

Kikosi cha 892 kiliundwa Julai 1942 huko Norfolk, katika jimbo la Virginia, Marekani, kikapewa ndege ndogo za Kimarekani ambazo Waingereza waliziita Martlet. Kazi yake ilikuwa kulinda misafara ya meli za chakula na silaha katika Bahari ya Atlantiki, kikisafiri katika manowari ndogo za kusindikiza, Battler na baadaye Archer. Tarehe 23 Mei 1943 ndege za Archer ziliizamisha nyambizi ya Kijerumani U-752. Ndege ya kikosi kingine iliipiga kwa roketi, na Martlet ya kikosi cha 892 ikaimiminia risasi. Miezi michache baadaye kikosi kilivunjwa. Kiliundwa tena Aprili 1945, safari hii kikiwa kikosi cha kupigana usiku chenye ndege za Hellcat, lakini vita vilikwisha kabla hakijaonja mapigano, kikavunjwa tena mwaka 1946.

Wakati kikosi hicho kichanga kilipokuwa kikiundwa Marekani, manowari nyingine za ndege zilikuwa tayari katika maji ya Afrika ya Mashariki. Aprili 1942 Wajapani waliingia Bahari ya Hindi kwa manowari zao za ndege, wakapiga Colombo na Trincomalee, na tarehe 9 ya mwezi huo wakaizamisha manowari ya ndege ya Kiingereza iitwayo Hermes. Jeshi la majini la Uingereza lilirudi nyuma mpaka Kilindini, Mombasa. Viwanja na karakana za ndege za wanamaji zikatengenezwa Mombasa, Mackinnon Road, Nairobi na Tanga. Kwa desturi yao ya kukipa kila kituo cha nchi kavu jina kama la meli, Waingereza waliokota majina katika Kiswahili: kituo cha Tanga kikaitwa Kilele, kile cha Nairobi Korongo, na huko Mombasa likawako jina la Kipanga. Ndege wawili na ncha ya mlima wakaandikwa katika daftari la meli za Mfalme.

Manowari ya ndege Illustrious ilikwenda Madagaska, ambako serikali ya Wafaransa waliokuwa upande wa Vichy ilikuwa ikitawala. Mei 1942 ilisaidia kutwaa bandari ya Diego Suarez. Septemba 10 ikalinda anga majeshi yaliposhuka Majunga, upande wa magharibi wa kisiwa. Nyuma ya wale walioshuka kwanza ilikuja brigedi ya 22 ya Afrika ya Mashariki, na ndani ya brigedi hiyo ilikuwamo batalioni ya Keya ya Tanganyika, 1/6. Batalioni hiyo ndiyo iliyopigana Colito, Ethiopia, Mei 1941, ambako Sajini Nigel Leakey alikiparamia kifaru cha Waitaliano kwa mikono yake, akapotea katika mapigano hayo, akapewa nishani ya Victoria Cross baada ya kufa. Askari hao waliingia Tananarive mwezi wa Septemba, na mapema Novemba 1942 Wafaransa wakakubali kuacha vita.

Jambo hilo lafaa kukumbukwa vizuri. Askari wa Keya ya Tanganyika waliijua manowari ya ndege mwaka 1942 kuwa rafiki aliye juu ya kichwa chao. Walipokuwa wakishuka pwani ya kigeni, mlio wa injini angani ulikuwa sauti ya salama. Jeshi likakua na kumbukumbu hiyo, na kambi yake kubwa, kama maili 8 kaskazini ya Dar es Salaam, ikapewa jina la Colito.

Kikosi cha 892 kiliamshwa mara ya tatu mwaka 1955, kikiwa na ndege za Sea Venom, na safari hii kilikuja Afrika, tena kwa vita. Julai 26, 1956, Rais Gamal Abdel Nasser wa Misri aliutaifisha mfereji wa Suez. Waingereza na Wafaransa, kwa shauri moja na Israeli, wakaamua kuutwaa kwa nguvu. Kikosi kilipandishwa manowari Eagle, na tangu Novemba 1 ndege zake zilishiriki kuvishambulia viwanja vya ndege vya Misri na kuziharibu ndege zilizokuwa chini. Kwa hesabu ya silaha kazi ilifanikiwa kabisa. Kwa hesabu ya siasa ilianguka: Marekani, Urusi na Umoja wa Mataifa walipinga, sarafu ya Uingereza ikayumba, na katika muda wa siku chache mapigano yakasimamishwa. Mfereji ukabaki mikononi mwa Wamisri. Kikosi kikavunjwa kabla ya mwaka kwisha. Fundisho lililobaki ni kwamba boma linaloelea laweza kuifikia nchi yoyote yenye pwani, lakini haliwezi kuwafanya wenye nchi walikubali.

Mara ya nne kikosi kiliundwa tarehe 2 Julai 1959 huko Yeovilton, kusini-magharibi mwa Uingereza. Ndicho kilichotangulia vingine vyote kupewa ndege mpya iitwayo Sea Vixen kwa kazi ya vita. Ndege hiyo ilikuwa na injini mbili, mbawa za kukunjwa na mikia miwili iliyounganishwa kwa ubao mmoja nyuma, nayo ilipita kilomita 1,000 kwa saa. Ilikuwa na watu wawili. Rubani alikaa upande wa kushoto chini ya kioo. Mwenzake, mwangalizi wa rada, alikaa upande wa kulia, chini zaidi, ndani ya giza, ili aione vizuri nuru hafifu ya chombo chake. La kustaajabisha ni kwamba ilikuwa ndege ya kivita isiyo na bunduki. Ilitegemea makombora, roketi na mabomu. Nayo haikuwapenda waliomo. Ziliundwa Sea Vixen 145 kwa jumla, na zaidi ya theluthi moja zilipotea katika ajali, pamoja na maisha ya marubani na waangalizi wengi. Mwishoni mwa 1963 kikosi cha 892 kilipanda na ndege hizo katika manowari Centaur, iliyojengwa Belfast, yenye tani 22,000, nafasi yake ikiwa finyu kwa ndege kubwa kiasi hicho.

Wakati huohuo Tanganyika ilikuwa imekwisha kupata uhuru, tarehe 9 Desemba 1961. Batalioni za Keya zilibadilishwa jina usiku mmoja zikawa Tanganyika Rifles: ya kwanza Colito, ya pili Tabora. Luteni Alexander Nyirenda aliupandisha mwenge kileleni mwa Kilimanjaro, na picha yake ikawa picha ya taifa. Lakini ndani ya kambi mambo hayakubadilika kwa kasi ya bendera. Mkuu wa jeshi alikuwa Brigedia Patrick Sholto Douglas, Mwingereza, na maofisa wengi wa vyeo vya juu walikuwa Waingereza vilevile. Askari wa chini alipokea shilingi 105 kwa mwezi. Mapema Januari 1964 Rais Julius Nyerere alitangaza kwamba upendeleo wa kuwaajiri Waafrika mbele ya raia wa rangi nyingine ukome katika utumishi wa serikali. Kauli hiyo ilikuwa ya haki kwa mtu anayetazama mbali. Lakini kwa sajini aliyekuwa akingoja cheo cha Mwingereza, ilisikika kama mlango uliofungwa usoni mwake.

Tarehe 12 Januari yakatokea mapinduzi Unguja, na Tanganyika ikapeleka huko polisi kiasi cha 300 kusaidia kutuliza nchi. Dar es Salaam ikabaki na walinzi wachache. Usiku wa kuamkia Januari 20 askari wa Colito waliwakamata maofisa wao, wakaingia mjini, wakashika vituo muhimu na kuizingira Ikulu. Walidai mambo mawili: mshahara wa shilingi 260, na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Oscar Kambona, waziri wa mambo ya nchi za nje na ulinzi, alikwenda kuzungumza nao kambini, na kazi hiyo ilihitaji moyo. Maofisa wa Kiingereza wakasafirishwa kwenda Nairobi. Mjini maduka yaliporwa na watu wakafa. Kesho yake batalioni ya Tabora ikafuata mfano wa wenzake. Kabla ya juma kwisha askari wa Jinja, Uganda, na wa Lanet, Kenya, nao walikuwa wameasi.

Haikuwa rahisi kuyapima madai yenyewe. Mshahara ulikuwa mdogo, na ukuu wa wageni katika jeshi la nchi huru ulikuwa jambo lisiloweza kudumu. Serikali yenyewe haikuyakana hayo. Lakini askari aliyedai haki yake kwa kuelekeza bunduki Ikulu alikuwa ameiharibu haki hiyo kwa mkono wake mwenyewe, kwa maana bunduki ile ilikuwa ya wananchi, naye alikabidhiwa tu. Ikawa serikali iliyochaguliwa na watu inaishi kwa hisani ya watu wenye silaha, na zilipovuma habari kwamba baadhi ya viongozi wa vyama vya wafanyakazi wanazungumza na waasi, hatari ikawa si ya mshahara tena.

Hapo ndipo Rais alipofikia uamuzi uliomchoma kuliko wowote. Januari 24 aliomba, na ombi likapelekwa kwa maandishi, kwamba Uingereza ilete majeshi. Centaur ilikuwa imekwisha kupakia huko Aden makomando wa kikosi cha 45, kiasi cha watu 600, pamoja na magari yao na helikopta, ikasafiri kusini. Ombi lilipofika, manowari ilikuwa karibu na pwani, haionekani kutoka ufukweni. Hiyo ndiyo siri ya boma linaloelea: laweza kuwapo bila kuonekana, nalo haliwi la mtu mpaka litakapoitwa.

Mapambazuko ya Januari 25 manowari ndogo Cambrian ilifyatua mizinga yake karibu na pwani ili kuwashtua askari na kuwapotosha. Wakati uleule helikopta zilinyanyuka kutoka Centaur, zikawashusha makomando katika kiwanja kando ya kambi ya Colito. Brigedia Douglas alikuwa pamoja nao, akawaita askari wake kwa kipaza sauti watoke na kuweka silaha chini. Waliposita, jengo la walinzi langoni lilipigwa roketi. Askari wachache wa Tanganyika waliuawa na wengine wakajeruhiwa. Wengi walisalimu amri au wakakimbilia vichakani, wakakamatwa mmoja mmoja. Siku hiyohiyo makomando walifika mpaka Tabora kwa ndege, na batalioni ya pili ikaweka silaha. Juu ya kazi hiyo yote zilikuwako Sea Vixen za kikosi cha 892. Zilirushwa kwa manati kutoka sitaha ya Centaur zikailinda anga ya helikopta, tayari kupiga kama zingeamriwa.

Hazikuamriwa. Tanganyika haikuwa na ndege hata moja ya kuzikabili, wala askari wa Colito hawakuwa na silaha ya kuzifikia. Kikosi kilichozaliwa kuwinda nyambizi, kikakuzwa kupigana usiku dhidi ya ndege za mataifa makubwa, kilikuja kutisha watu waliokuwa na bunduki za mkono, waliokuwa wamekaa siku tano tu bila mkuu. Kwa askari mzee aliyekuwa Majunga mwaka 1942, kama alikuwako kambini asubuhi ile, mlio ulikuwa uleule, ila maana yake ilikuwa imegeuka. Jeshi lililofundishwa kuisikia sauti ya ndege za manowari kama sauti ya salama lilisambaratishwa na sauti hiyohiyo.

Watu wamejadili tangu siku hizo kama ilikuwa halali kwa nchi huru kumwita tena mtawala wake wa jana. Walioilaumu hatua ile wamesema kwamba Januari 1964 ilionyesha uhuru wa miaka miwili kuwa karatasi. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitofautishi mambo mawili. Mwaka 1956 kikosi cha 892 kilikwenda Misri kuivunja nia ya serikali ya Kiafrika. Mwaka 1964 kilikuja Tanganyika kwa ombi la serikali ya Kiafrika, kikaondoka. Centaur ilipokewa na manowari nyingine, Victorious, mwishoni mwa mwezi huo, na makomando nao hawakukaa muda mrefu. Chombo kilikuwa kilekile. Kilichotofautiana ni mkono ulioandika barua. Nyerere hakudai kwamba jambo lile lilikuwa la fahari. Alilitaja kuwa aibu kwa taifa, naye aliwaita mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wakutane Dar es Salaam Februari 1964, ili nafasi ya Waingereza ichukuliwe na Waafrika. Batalioni ya Nigeria ikaja mwezi wa Aprili, ikalinda nchi mpaka Septemba.

Hata hivyo tofauti hiyo haiwezi kufuta neno la wahenga: nguo ya kuazima haisitiri maungo. Serikali iliyookolewa na ndege za wenyewe hubaki ikijua kwamba ndege hizo zina mwenyewe. Jambo hilo lilithibitika upesi. Novemba 1965 Ian Smith na walowezi wenzake wa Rhodesia waliasi dhidi ya Malkia uleule ambaye manowari hizo zilikuwa zake. Uingereza haikupeleka makomando Salisbury. Ilipeleka manowari za ndege, Ark Royal na Eagle, katika mlango wa Msumbiji mwaka 1966, Sea Vixen za vikosi ndugu zikitazama meli za mafuta ziendazo Beira. Yaliyotosha asubuhi moja kwa askari weusi wa Colito hayakupata siku kwa waasi weupe. Tanzania ilikuwa imekwisha kuvunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza tarehe 15 Desemba 1965.

Kwa askari wenyewe malipo yalikuja haraka. Tanganyika Rifles ilivunjwa. Viongozi wa maasi walipelekwa mahakamani wakafungwa, na askari wa kawaida waliachishwa kazi na kurudishwa makwao, wale waliofanya fujo na wale waliofuata mkumbo. Kwa kuwa Wakuria walikuwa wengi katika jeshi lile, haikosi safari hizo za kurudi zilifika Tarime. Mtu aliyetoka kijijini kwa heshima ya sare alirudi bila sare, bila mshahara, na bila neno la kuwaambia wazee. Na aliyetia sahihi kuvunjwa kwa jeshi hilo hakuwa mgeni wa mbali. Alikuwa mwana wa Butiama, wa upande uleule wa Ziwa. Katika historia zinazohesabu manowari na ndege, watu hao hawana ukurasa. Lakini wao ndio waliolipa gharama ya fundisho ambalo taifa zima lilijifunza.

Fundisho lenyewe lilikuwa kwamba jeshi la kurithi halitoshi. Jeshi jipya, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, lilianza rasmi tarehe 1 Septemba 1964, baada ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar wa Aprili 26. Mirisho Sarakikya alikuwa mkuu wake, na vijana wake wa kwanza waliandikishwa kutoka umoja wa vijana wa TANU. Watu wengine waliona hatari katika kuwafanya askari kuwa wanachama. Viongozi waliona hatari kubwa zaidi katika askari asiyejua analinda nini. Kambi ya Colito ikaitwa Lugalo, kwa ukumbusho wa mahali ambapo Wahehe wa Mkwawa waliwashinda Wajerumani wa Zelewski mwezi wa Agosti 1891. Kubadili jina la kambi si jambo dogo. Jina la kwanza lilimkumbusha askari ushujaa alioufanya akimtumikia mwingine, la pili likamkumbusha ushujaa wa waliopigania nchi yao wenyewe.

Kikosi cha 892 kiliendelea na safari. Mwaka uleule wa 1964 ndege zake zilipiga wapiganaji wa milima ya Radfan, kaskazini ya Aden. Mwaka 1968 kiliziaga Sea Vixen, na Machi 1969 kikapewa Phantom. Mei 1969 Phantom yake moja ilivuka Atlantiki kutoka New York mpaka London kwa saa 4 na dakika 46, ikashinda katika mashindano ya mwaka huo. Mkiani mwa ndege hizo iliandikwa omega, herufi ya mwisho ya alfabeti ya Kigiriki, kwa kuwa mkuu wa kikosi alitabiri kwamba hicho kitakuwa kikosi cha mwisho cha namna yake. Ilikuwa hivyo kwa zile manowari kubwa za zamani. Uingereza iliyokwisha kuacha makoloni haikuweza tena kulipia maboma yanayoelea ya namna ile. Novemba 27, 1978, Phantom za mwisho ziliruka kutoka manati ya Ark Royal, na Desemba 15 kikosi kikavunjwa.

Majuma hayohayo, upande wa pili wa Ziwa Viktoria, jeshi lililozaliwa kutokana na aibu ya Januari 1964 lilikuwa vitani. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Serikali haikuandika barua kwa mwenye manowari. Ilikusanya mabasi na malori ya raia, ikaita wanamgambo, ikapeleka brigedi zake kwa reli na kwa barabara za matope. Ilikuwa na ndege zake za kivita zilizotoka China na marubani wake wenyewe. Mmoja wa makamanda wa brigedi alikuwa Mwita Marwa, jina lisilohitaji kufafanuliwa kwa msomaji wa Tarime. Kampala ilitwaliwa Aprili 11, 1979. Vita hivyo vilikuwa na gharama kubwa ya watu na fedha ambayo nchi iliibeba kwa miaka mingi, wala si vyema kuvisifu kupita kiasi. Lakini miaka 15 ilitosha kumtoa askari katika hali ya kutawanywa na mlio wa ndege za wageni, akawa mtu aliyesimama mpakani kwa amri ya serikali yake.

Centaur ilikatwakatwa kuwa vyuma chakavu mwaka 1972. Namba 892 ililala kwa miaka mingi baada ya Phantom kuondoka. Bomani ingali Bomani: boma la magogo halipo, boma la wageni limebadilika kuwa ofisi za wananchi, na jina limebaki. Boma huwa la wale wanaoweza kulilinda, na pia kulidai kwa haki bila kulielekezea bunduki.